Bunduki ya upepo: Mambo ya kupima kabla ya kutundika shabaha uani

MSOMAJI mmoja wa Majoreni, kile kijiji kilicho kati ya Shimoni na Vanga, ametuuliza swali ambalo huenda linawakera wengine pia. Anataka kujua ni bunduki gani ya upepo inayomfaa mtu asiye mwindaji wala askari, bali anayetaka tu kujiburudisha jioni kwa kulenga mikebe na karatasi nyuma ya nyumba yake. Ndugu yake aliyeko Muscat yuko tayari kumnunulia na kumletea atakapokuja likizo.

Swali ni la halali na mchezo wenyewe ni wa heshima. Ulengaji shabaha kwa bunduki ya upepo umekuwamo katika Michezo ya Olimpiki tangu Los Angeles mwaka 1984, na bastola ya upepo ikafuata Seoul mwaka 1988. Mwaka 2008 huko Beijing, Abhinav Bindra aliipatia India nishani yake ya kwanza kabisa ya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwa kutumia bunduki ya aina hii. Mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha ambayo kitovu chake ni nukta ya nusu milimita. Anayedhani ni mchezo wa watoto na ajaribu.

Hata hivyo, nyuma ya swali la ‘ipi’ kuna swali jingine linalostahili kutangulia, nalo ni iwapo chombo hicho kinaweza kuingia Majoreni bila kumtia mwenyewe matatani.

Wengi wanaamini kwamba bunduki isiyotumia baruti si bunduki mbele ya sheria. Imani hiyo ni ya hatari. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inapoeleza maana ya silaha haianzii kwenye baruti. Inazungumzia chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kuua, ambacho kinaweza kurusha marisaa, risasi, bomu au kitu kinginecho. Kinachosukuma risasi, kiwe moto, hewa au gesi, hakikutajwa. Bunduki za upepo zimewahi kuua watu, na kwa hivyo mwenye kuibeba akitegemea hoja ya ‘hii ni ya upepo tu’ anaegemea ukuta wa makuti.

Lugha yetu yenyewe ina ushahidi wa pembeni. Neno risasi tulilipokea kutoka kwa Waarabu, na kwao ni jina la madini yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Baadaye ndipo tukaliita hivyo pia kombora dogo litokalo mtutuni. Kijipande kinachorushwa na bunduki ya upepo kwa kawaida hutengenezwa kwa madini hayo hayo, kwa hiyo ni risasi kwa maana zote mbili.

Njia iliyonyooka ni kufika kwanza kwa Bodi ya Leseni za Silaha, kupitia kituo cha polisi kilicho karibu, na kupata jawabu la maandishi kuhusu aina hasa unayotaka kununua, kabla ya shilingi moja kutoka mfukoni. Kuingiza silaha nchini kunahitaji kibali chake, mbali na cheti cha kuimiliki. Tangu Desemba 2018, Wizara ya Usalama wa Ndani ilipoamuru raia wote wenye silaha wakaguliwe upya, ukaguzi umekuwa wa kina, na adhabu ya kumiliki silaha bila cheti ni kifungo cha miaka, si faini ya kulipa na kwenda zako.

Kwa sababu hiyo, ndugu wa Muscat asiifunge bunduki ndani ya sanduku la nguo akatumaini kwamba mitambo ya uwanja wa ndege wa Moi itasinzia. Wala isipitishwe Horohoro chini ya magunia ya machungwa, au kwa mashua kutoka Tanga. Tanzania nayo ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hivyo mpitishaji anaweza kujikuta akijibu mashtaka pande zote mbili za mpaka.

Kuna jambo la pili ambalo halimo katika vitabu vya sheria lakini wakazi wa Kwale wanalifahamu vyema. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kutoroka na bunduki. Operesheni iliyofuata iliingia hadi vijijini kusini mwa kivuko, na waliopata kuishi siku zile hawajasahau. Katika eneo lenye kumbukumbu kama hiyo, mtu aonekanaye machweo akitembea na kitu chenye mtutu na kitako hawezi kutarajia kwamba jirani, mzee wa mtaa au afisa wa doria atasimama kwanza kuuliza kama ni ya baruti au ya upepo. Bunduki nyingi za upepo za siku hizi hutengenezwa makusudi zifanane na za kijeshi, nyeusi na zenye vishikizo vya kila namna. Kwa maoni yangu hizo ziachwe dukani. Bunduki yenye kitako cha mti, umbo la kizamani, inalenga vizuri vile vile na haimtishi mtu kwa mbali.

Tuchukulie basi kwamba kibali kimepatikana. Sasa ndipo tuingie katika uchaguzi wenyewe.

La kwanza ni nguvu. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa na matangazo yanayojivunia mwendo wa risasi. Nguvu ya bunduki hizi hupimwa kwa jouli. Nchini Ujerumani, bunduki isiyozidi jouli 7.5 hupigwa chapa ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano, na mtu mzima huweza kuinunua bila leseni. Uingereza na Wales huweka mpaka wa jouli zipatazo 16 kwa bunduki na 8 kwa bastola. Scotland iliachana na uhuru huo. Baada ya mtoto wa miaka miwili kuuawa kwa bunduki ya upepo jijini Glasgow mwaka 2005, na baada ya mjadala mrefu, sheria ya mwaka 2015 ilileta leseni kwa bunduki za upepo, ikaanza kutekelezwa Desemba 31, 2016.

Kwa uwanja wa nyumbani wa mita 10, jouli 7 zinatosha na kubaki. Risasi ya nusu gramu yenye nguvu hiyo hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 170 kwa sekunde. Mwendo wa mita 100 hivi kwa sekunde hutosha kuipenya ngozi ya binadamu, na jicho huharibika kwa mwendo mdogo zaidi. Mtu anayelenga karatasi haongezewi chochote na nguvu iliyozidi hapo, isipokuwa kelele, uzito wa kukunja na umbali ambao risasi itasafiri ikikosa shabaha. Risasi iliyopigwa kwa kuinuliwa juu kidogo kutoka kwenye bunduki yenye nguvu huweza kwenda mita 300 na ushei, umbali wa kuvuka shamba la minazi na kumfikia mtu asiyekuona wala usiyemwona.

La pili ni namna hewa inavyosukumwa, na ndipo penye tofauti kubwa za bei na usumbufu.

Iliyoenea zaidi ni ya kamani. Mtutu hukunjwa chini kama anayevunja muwa, kamani nene ikajibana ndani ya silinda, na kifyatulio kikivutwa kamani huachiliwa, ikaisukuma pistoni, nayo pistoni ikaikandamiza hewa inayoitoa risasi. Kila mara ni mkunjo mmoja na risasi moja. Haihitaji gesi, pampu wala umeme, na bunduki nzuri ya namna hii hurithishwa. Kampuni ya Diana ilianza kazi Rastatt, Ujerumani, mwaka 1890, na baadhi ya bunduki zake za karne iliyopita zingali zinatumika hadi leo. Kasoro yake ni kwamba pistoni inapokwenda mbele kwa kasi bunduki hutikisika kabla risasi haijatoka, hivyo mlengaji hana budi kuishika kwa wepesi, kama anayemshika kifaranga, asiibane. Zipo zilizotia gesi iliyofungwa mahali pa kamani; hizo hutikisika kwa namna nyingine kidogo, lakini zikiharibika fundi wa kijijini hana la kufanya.

Aina ya pili hutumia vichupa vya gesi ya kaboni dayoksaidi, vya gramu 12, kama vile vya kutengenezea soda. Ni nyepesi, haina mtikisiko, na bastola nyingi ziko katika kundi hili. Lakini gesi hii hufuata hali ya hewa. Joto likipanda, msukumo nao hupanda, na risasi hubadilisha mahali inapopiga. Majoreni mwezi wa Februari, kichupa kilichoachwa juani au ndani ya gari lililofungwa ni hatari tupu. Tena vichupa huisha haraka, na hakuna duka la karibu la kuvinunua. Mimi singeichagua.

Ya tatu ni ile inayojazwa hewa iliyoshindiliwa, mara nyingi hadi kipimo cha bar 200. Fikra hii ni ya kale kuliko wengi wanavyodhani, kwani jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za namna hii, zilizobuniwa na Girandoni, tangu miaka ya 1780. Ndizo zitumikazo Olimpiki leo, kwa kuwa hazitikisiki kabisa. Shida ni mahali pa kuijaza. Pampu ya mkono yahitaji kifua cha mpiga makasia. Mitungi ya wapiga mbizi huhimili kipimo hicho hicho, na watoaji huduma za kupiga mbizi hawakosekani Diani, hivyo mwenye urafiki nao na mtungi wake mwenyewe anaweza kufaulu. Lakini nitilie mkazo jambo moja. Isijazwe kamwe kwa oksijeni ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Oksijeni iliyoshindiliwa ikikutana na mafuta au grisi iliyomo ndani ya bunduki hulipuka, na mlipuko huo hutokea karibu na uso wa mwenye bunduki.

Kwa hali ya Majoreni, basi, ya kamani yenye nguvu ndogo ndiyo jibu langu.

Kuhusu kipenyo cha mtutu, viwili ndivyo vinavyopatikana kwa wingi: milimita 4.5 na milimita 5.5. Cha kulengea karatasi ni 4.5. Risasi zake ni rahisi kuliko zile nyingine, husafiri kwa mstari ulionyooka zaidi, na ndicho kipenyo cha mashindano. Chagua risasi zenye kichwa bapa, kwa kuwa hukata karatasi tundu la duara safi na hesabu ya alama haileti ubishi. Epuka kabisa vigololi vya chuma. Risasi laini ikigonga kitu kigumu hubonyea na kupoteza nguvu, ilhali kigololi cha chuma hurudi kilikotoka, na nyumba zetu nyingi za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, magumu na yenye sura isiyo sawa, ambayo yatakirudisha upande wowote.

Darubini haihitajiki kwa mita 10. Tena mtikisiko wa bunduki ya kamani huivunja darubini ya bei rahisi, kwa maana hutikisika mbele na nyuma. Alama za kulengea zilizoko juu ya mtutu zinatosha, na zinamfunza mtu kulenga. Kinachofaa kupimwa dukani ni urefu wa kitako. Kitako kikiwa begani, kiganja kikifikia kifyatulio bila kujinyoosha wala kujikunja, bunduki hiyo imekufaa. Uzito wa kilo 3 hivi si mbaya. Kunja mtutu mara 10 mfululizo kabla ya kulipa, maana jioni moja ya mchezo ni mikunjo 50.

Sasa uwanja. Hapa ndipo watu hufanya makosa ambayo bunduki bora haiwezi kuyarekebisha. Ua wa makuti hauzuii risasi, na ukuta wa udongo na fito huweza kupitisha ile iliyogonga penye ufa. Mti wa mnazi ni mviringo na huitupa risasi pembeni. Kinachohitajika ni kisanduku cha mbao imara, chenye upana wa mkono mmoja au zaidi, kilichojazwa mchanga au vipande vya mazulia na matambara yaliyoshindiliwa, kikiwekwa mbele ya kitu kizito zaidi, mathalani rundo la magunia ya mchanga lililozidi kimo cha mtu. Shabaha hubandikwa juu ya kisanduku. Mkebe uliotundikwa hewani, ambao ndio mtindo wa wengi, hauna chochote nyuma yake ila shamba la jirani.

Uelekeze uwanja mahali pasipo njia. Vijijini kwetu njia ni za kila mtu. Mtoto anayekwenda kuteka maji, mama anayerudi na kuni na mvuvi anayekata kona kwenda mikokoni hupita popote walipozoea, na hawatabisha hodi. Mwenye ua usio na upande hata mmoja uliofungwa kabisa hana uwanja, hata akiwa na bunduki ya Olimpiki. Miwani ya kukinga macho ivaliwe na kila aliyepo, wakiwemo watazamaji. Risasi isitiwe mtutuni mpaka mlengaji awe amesimama mahali pake, na mchezo ukiisha bunduki ifungiwe ndani kwa kufuli, risasi zikae kando. Kwa bunduki ya kamani, mtutu ukiwa umekunjwa vidole viwe mbali na kifyatulio, kwa sababu mtutu ukirudi ghafla hukata kidole.

Kuna kishawishi ambacho hakina budi kutajwa. Tumbili wanamaliza mahindi, kunguru wanamaliza vifaranga, na bunduki imelala ndani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haimpi mtu ruhusa ya kumpiga tumbili, seuze mbega. Ni kweli kwamba mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru milioni moja katika Pwani, lakini huo ulikuwa mpango wa wataalamu na sumu maalumu, si mwaliko kwa kila mwenye mtutu. Isitoshe, risasi ndogo ya jouli 7 humjeruhi tumbili bila kumwua, naye huenda kufa kwa siku nyingi kichakani.

Madini ya risasi nayo ni sumu, jambo ambalo wakazi wa Pwani hawahitaji kuhubiriwa. Watu wa Owino Uhuru huko Mombasa walidhurika kwa madini hayo yaliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na kesi yao ilifika Mahakama ya Juu, ambayo iliwapa haki Desemba 2024. Kiasi kinachotoka kwenye kikopo cha risasi za mchezo hakilinganishwi na hicho, ila kanuni ni moja: usizitie mdomoni kama wafanyavyo wengine wakati wa kujaza, nawa mikono kabla ya kula, usiwaachie watoto wazichezee, na zile zilizotumika zikusanywe kutoka kisandukuni, zisibaki kwenye udongo wanaoparua kuku.

Chumvi ya bahari ndiyo adui wa mwisho. Umbali wa kutoka mikokoni hadi nyumba nyingi za Majoreni ni mfupi, na chuma hushika kutu baada ya juma moja. Baada ya kila mchezo, chuma cha nje kipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, ukianza na pale mkono ulipotia jasho. Mafuta hayo yasiingie kwenye tundu la hewa. Yakiingia, pistoni huyashindilia mpaka yawake kama dizeli ndani ya injini, bunduki ikatoa mlio mkubwa na moshi, na kamani na mpira wa pistoni vikaharibika. Wala bunduki ya kamani isifyatuliwe bila risasi, kwa sababu pistoni hukosa hewa ya kuizuia ikagonga mwisho wa silinda kwa nguvu zote.

Na ikiwa kibali hakitapatikana, upo upinde, ambao Wadigo na Waduruma waliujua kabla ya bunduki yoyote kufika pwani hii, na ipo manati. Manati yenye mpira mzuri na vigololi vya udongo uliokaushwa huangusha mkebe kwa mita 10 bila shida, na gharama yake haifiki bei ya kikopo kimoja cha risasi za dukani. Kisanduku cha mchanga, miwani na ua uliofungwa vinahitajika vile vile.